Tenki la maji safi la trela ya kempingi linanuka yai viza, nalisafishaje?

Mtembezi wa Meru

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye trela za kempingi, zile za kuvuta nyuma ya Land Cruiser zenye jiko la kuchomoa ubavuni na hema juu. Yangu ni used imetoka Afrika Kusini, chini ina tenki la plastiki la lita 100 la maji safi na pampu ndogo ya volti 12 inayopeleka maji kwenye koki ya jikoni na shawa ya nje. Trela yenyewe nzima kabisa, shida ni maji. Ukijaza leo yako sawa tu, kesho yake jioni ukifungua koki yale ya kwanza yanatoka na harufu ya yai viza, yakitiririka kidogo harufu inapungua, na ukipitisha kidole ndani ya mdomo wa kujazia unakuta utelezi kama kamasi. Ule mpira wa kutoka kwenye tenki kwenda kwenye pampu ni wa kupitisha mwanga, ndani umeshakuwa wa kijani.

Mke wangu hataki watoto wapige hata mswaki na hayo maji na mimi namuunga mkono asilimia mia. Ya kunywa tunabeba ya dukani, lakini ukienda Natron au Serengeti na familia huwezi kubeba maji ya chupa ya kuoshea vyombo, mboga na ya kuogea, hapo gari litajaa maji matupu.

Nimeuliza watu, kila mtu na lake. Mmoja mimina Jik, mwingine siki, mwingine ananiambia ng'oa hilo tenki nunua jipya. Mdomo ni mdogo mkono hauingii. Naomba mtu aniambie kwa vipimo, kiasi gani kwa lita ngapi na lisimame muda gani, maana "weka kidogo tu" nimeshaisikia sana na kidogo ya kila mtu ni tofauti.

Dereva_Kaskazini

Mkuu hilo dogo sana wala usihangaike kununua tenki. Sisi kwenye magari ya kambi tunachofanya, jaza maji nusu, mimina Jik na siki pamoja halafu endesha gari, yakitikisika yanajisugua yenyewe. Mwaga, suuza, endelea na safari. Hiyo ya kutikisa kwa barabara mbovu ni nzuri kuliko brashi yoyote.

Mpima_Maji

Ndugu yangu @Dereva_Kaskazini hapo kwenye kutikisa uko sahihi ila JIK NA SIKI USICHANGANYE KABISA na naomba yeyote atakayesoma huu uzi asifanye hivyo. Jik ikikutana na asidi yoyote, siki, maji ya ndimu, dawa ya kusafishia choo, inatoa gesi ya klorini, na kwenye tenki lililofungwa gesi inakusubiri hapo kwenye mdomo ufungue uinamie kuchungulia. Inaunguza mapafu. Siki ina kazi yake, inayeyusha ule ukoko mweupe wa chumvi chumvi kama maji yenu ni magumu, lakini unaitumia siku yake, unasuuza mpaka iishe, ndio siku nyingine unakuja na Jik.

Sasa @Mtembezi wa Meru. Kazi yangu ni maji kwa hiyo nivumilie nitaandika ndefu.

Ule utelezi ndio ugonjwa wenyewe, harufu ni dalili tu. Bakteria wanajishika kwenye ukuta wa plastiki wanajifunika na ute, tabaka juu ya tabaka, na chini kabisa ya huo ute hewa haifiki, hapo ndio wanakaa wale wanaotumia salfeti iliyomo kwenye maji na kutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Ndio maana inanuka zaidi maji yakilala, na yale ya kwanza yaliyolala kwenye mpira ndio mabaya kuliko yote. Watu wengi wanamwaga Jik juu ya huo ute, klorini inaua wa juu, inaishia hapo hapo maana uchafu unaila klorini, wa chini wanabaki na baada ya wiki umerudi pale pale. Halafu wanasema Jik haifanyi kazi. Inafanya, ila kwanza toa uchafu ndio uje na dawa, ukigeuza huo mpangilio umepoteza Jik yako bure.

Kwa hiyo fanyia nyumbani kabla ya safari, usifanyie kambini. Anza kwa kumwaga maji yote kwa ile plagi ya chini kabisa ya tenki, sio kwa pampu, kwa sababu pampu inavuta juu kidogo ya sakafu na tope linabaki. Ukifungua plagi angalia kinachotoka, utashangaa mchanga na vipande vya ute. Funga, weka maji ya vuguvugu kama theluthi ya tenki, sio ya moto sana utapindisha plastiki, changanya na bekingi soda ile ya kuokea, vijiko vikubwa vichache, halafu hapo ndio ufuate ushauri wa dereva, zunguka nayo barabara ya vumbi yenye mawimbi hata saa moja. Rudi mwaga kwa plagi ya chini yakiwa bado yanazunguka ili tope lisilale. Rudia mpaka yanayotoka yawe meupe.

Huo mpira wa kijani usihangaike kuusafisha, tupa. Mpira wa maji bei yake ndogo, nunua wa kiwango cha maji ya kunywa na usiopitisha mwanga, ukijani hauwezi kuota gizani. Na kama tenki lenyewe nalo linapitisha mwanga na linaonekana kwa pembeni, lifunike na kitu cheusi.

Halafu sasa Jik. Ile ya kawaida isiyo na harufu ya ndimu wala maua, isiyo nzito kama shampuu, hizo zina sabuni na manukato yatakayokaa kwenye tenki lako muda mrefu. Geuza chupa usome asilimia ya sodiamu haipokloraiti. Tunataka maji ya tenki yafike miligramu 50 za klorini kwa kila lita. Kwa lita 100 hiyo ni gramu 5 za klorini, kwa hiyo kama chupa imeandikwa 3.5% unahitaji kama mililita 140 hadi 150, ikiwa 5% ni mililita 100. Usimimine kavu kavu, changanya kwanza kwenye ndoo ya maji, mimina, kisha JAZA TENKI MPAKA JUU KABISA. Hapa wengi wanaweka nusu tenki, dari la tenki linabaki na ute wake wote na safari ya kwanza maji yakirukaruka yanaushusha.

Ukishajaza washa pampu, fungua koki ya jikoni mpaka unuse klorini, funga, fungua shawa mpaka unuse, funga. Kama una koki nyingine yoyote hata ile usiyotumiaga nayo fungua. Hapo mipira yote imejaa dawa. Acha saa 4 kwa uchache, ukilaza usiku mzima ni vizuri zaidi kwa tenki la plastiki. Mwaga, jaza maji safi, pitisha kwenye koki zote, mwaga, rudia mpaka harufu iishe. Hayo maji ya dawa usimwage mtoni wala mtaro unaokwenda mtoni, klorini ya kiasi hicho inaua samaki na vyura, mwaga kwenye kokoto juani itapotea yenyewe.

Chupa iliyokaa mwaka kwenye stoo yenye joto usiitegemee, Jik inapoteza nguvu na joto linaiharakisha. Nunua mpya.

Mtembezi wa Meru

Mkuu @Mpima_Maji Mungu akubariki, hili ndio jibu nililokuwa natafuta. Maswali mawili ya nyongeza. Kuna filta ya mkaa baada ya pampu, ile ya silinda ya bluu, nayo dawa ipite humo humo? Na baada ya kusafisha, kila nikijaza njiani niweke kitu au basi?

Nanyuki_Overland

Sasa wadau, nimesoma hii thread nikaona nichangie juu hii kitu tunaipitia sana huku Laikipia na kaskazini ukienda Turkana.

Filta ya mkaa TOA kabla ya kuweka Jik. Mkaa unakula klorini, ndio kazi yake, so utapoteza dawa yote hapo na mabomba ya mbele hayatapata kitu, na hiyo filta itakuwa imekufa. Toa katriji, rudisha ile nyumba yake tupu, pitisha dawa, suuza, kisha uweke katriji mpya. Sio ile ya zamani tafadhali, hiyo ya zamani imekaa kwa maji machafu na mkaa ukishatoa klorini bakteria wanaishi raha mstarehe ndani yake. Na kuna kale kachujio kadogo kabla ya pampu, wengi hata hawajui kako, fungua ukaoshe. Pampu ikianza kupiga kelele na maji kupungua nguvu mara nyingi ni hako.

Kitu ya pili ni hosepipe. Unaweza osha tenki vizuri halafu unafika kwa campsite unapewa hosepipe imelala kwa matope, mbuzi wamepita juu yake, unaiingiza moja kwa moja kwa tenki. Kazi yote imeenda. Bebeni hosepipe yenu, ya maji ya kunywa, sio ile ya bustani, hiyo maji yakilala ndani kwa jua yanatoka na ladha ya plastiki. Ukimaliza kujaza mwaga maji yote, unganisha ncha mbili pamoja ndio wadudu na vumbi visiingie, weka kwa mfuko wake. Na kabla ya kuunganisha kwa bomba la mtu acha bomba limwage kwanza kidogo, halafu pangusa mdomo wa bomba na kitambaa chenye Jik kidogo.

Ya tatu, tenki ina kapaipu kadogo ka kupumua. Angalia kama kana wavu. Zingine hazina, na vumbi la barabara ya Marsabit enzi hizo lilikuwa linaingia hapo moja kwa moja, hata mchwa na nyigu wanajenga humo. Funga kipande cha wavu laini wa mbu na klempu.

Mpima_Maji

@Nanyuki_Overland amemaliza kwenye filta, sina la kuongeza.

Swali la pili la kujaza njiani. Inategemea maji umeyatoa wapi. Ukijaza kwenye bomba la mamlaka ya maji ambalo lina klorini unaweza kuacha, ila klorini inapotea ndani ya siku chache hasa tenki likiwa juani. Ukijaza kisima, mto au bowser (lori la maji) weka dawa kila mara. Mimi nashauri vidonge vya klorini vya kutibu maji ya kunywa, vile vya miligramu 67 kimoja ni kwa lita 20 za maji meupe, kwa hiyo tenki lako ni vidonge 5, subiri dakika 30 kabla ya kutumia. Vinabebeka, havimwagiki kwenye gari na haviharibiki haraka kama maji ya Jik. WaterGuard ya maji pia ni nzuri ila hapo fuata kipimo cha kwenye chupa. Na usitumie vile vidonge vikubwa vya swimming pool, vina kemikali nyingine ya kuzuia jua lisiile klorini, sio vya kunywa.

Maji ya tope usiyaingize kwenye tenki kabisa, hata kama una dawa ya kutosha. Tope linakula klorini na tope lenyewe ndio chakula cha ule ute. Yatulize kwanza kwenye ndoo au madumu usiku mmoja, ukiwa na shabu zungusha kidogo yatatulia haraka, asubuhi yachote ya juu upitishe kitambaa kizito kilichokunjwa mara kadhaa ndio ujaze. Bibi zetu walikuwa wanatumia mbegu za mlonge zilizotwangwa na kweli zinafanya kazi, kasoro yake zinaacha chembechembe za mmea kwenye maji kwa hiyo ni za maji ya kutumia siku hiyo hiyo, sio ya kuweka kwenye tenki.

Ukitaka uhakika tafuta vile vikaratasi vya kupimia klorini ya swimming pool, unachovya unalinganisha rangi. Maji ya kutumia yakionyesha miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa lita kwenye koki uko vizuri, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi 5. Ikisoma sifuri asubuhi na uliweka dawa jana jioni basi kuna kitu ndani ya tenki kinaila, rudi kusafisha.

Mama_Arumeru

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mimi naomba niseme kitu kwa mwenye mada kwa sababu jina lake linaniambia yuko kwetu huku. Baba, hayo yote ya Jik na vidonge ni kweli lakini yanaua wadudu tu. Maji yetu ya kuzunguka Meru yana floridi nyingi, mto Maji ya Chai wenyewe unajulikana, angalia meno ya watu wazima wengi waliokulia huku yalivyo ya kahawia. Klorini haitoi floridi. Kuchemsha haitoi, kuchemsha ndio kunaizidisha maana maji yanapungua yenyewe inabaki. Filta ya mkaa wa kawaida nayo haitoi. Kinachotoa ni mkaa wa mifupa, Ngurdoto kule kuna kituo cha utafiti kimeshughulika na hilo miaka mingi, au zile mashine za kusukuma maji kwenye utando mwembamba.

Kwa hiyo una watoto wadogo ambao meno ya kudumu bado yanajitengeneza ndani ya fizi, ya kunywa, ya uji na ya chai chukua mahali unapojua, usiseme tenki limeshakuwa safi basi tunakunywa. Kuoga na kuoshea vyombo hakuna shida. Kiwango ni miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi huku vinapita hapo mbali. Mama amefanya vizuri kukataa.

Mtembezi wa Meru

Marahaba mama, na asante sana. Hili la floridi nilikuwa nalijua kwa juu juu kwa maji ya nyumbani ila sikuwahi kuliunganisha na tenki la trela. Basi maji ya kunywa yatabaki kwenye dumu lake peke yake, tenki kwa mengine.

Mdau_Minnesota

Habari za nyumbani wadau. Niko Marekani huku trela ni kila nyumba ya tatu mtaani kwetu, nami nina yangu ya kulala humo humo ndani. Naongeza machache kwa walioko nje kama mimi maana naona watu wanafuata vipimo kutoka intaneti bila kuangalia chupa.

Kipimo maarufu huku ni robo kikombe cha bleach, yaani Jik ya huku, kwa galoni 15. Hicho ni cha enzi bleach ilikuwa 5% na ushee. Siku hizi chupa nyingi zimeandikwa 6 mpaka 8.25, kwa hiyo ukifuata robo kikombe unazidisha. Ukiwa na ya 7.5% kwa lita 100 ni kama mililita 67 tu. Hesabu ya mkuu hapo juu ndio sahihi popote ulipo, anza na asilimia ya chupa yako.

Pili, kama harufu ya yai viza inatoka kwenye maji ya moto tu na ya baridi hayanuki, usilaumu tenki la maji safi. Ni hita. Zile hita zenye tenki la chuma zina fimbo ya magnesiamu ndani ya kuzuia kutu, na hiyo fimbo ikikutana na wale bakteria wa salfeti harufu inatoka humo. Zima, ACHA IPOE, toa presha, ndio ufungue, mwaga, suuza, badilisha fimbo. Na maji ya hita yasikae vuguvugu siku nzima, bakteria wa Legionella wanapenda joto la 20 hadi 45, na hao hatari yao ni ule mvuke wa shawa unaouvuta kwa pua, sio kunywa. Wewe wa Arusha huna hita lakini tenki lako likishinda juani linafika joto hilo hilo, kwa hiyo kama trela imekaa wiki na maji ndani usioge nayo, mwaga.

Tatu ni ya sisi wa baridi tu, kabla ya theluji tunamwaga kila kitu na kupitisha ile antifrizi ya pinki ya propilini glaikoli kwenye mabomba. Ile ya rejeta ya gari ni sumu, isikaribie mabomba ya maji kabisa.

Dereva_Kaskazini

Nimekuelewa @Mpima_Maji kuhusu siki, nitawaambia na vijana wa kambi. Sasa niulize, sisi tenki letu sio plastiki ni stenlesi, fundi wa hapa mjini alitengeneza kwa kuchomelea, linakaa juu ya lori. Vipimo ni hivyo hivyo? Na tukirudi safari tuliache na maji au tupu, maana bosi anasema likae limejaa lisipate vumbi.

Mpima_Maji

Kipimo hicho hicho ila usilaze usiku. Klorini nyingi ikikaa muda mrefu kwenye stenlesi inaanza kutoboa vishimo vidogo vidogo, na inaanzia kwenye mishono ya kuchomelea. Saa moja mpaka mbili, mwaga, suuza mara mbili vizuri usiache hata kidogo kimekaa pembeni. Kwa kuwa lenu ni kubwa naamini lina mfuniko wa mtu kuingiza mkono, hapo mna bahati kuliko mwenye mada, sugueni kwa brashi laini kila kona kabla ya dawa, sio brashi ya waya, ya waya inaacha mikwaruzo na chembe za chuma zinazoshika kutu.

Kuliacha limejaa hapana. Mwambie bosi vumbi linazuiwa na mfuniko. Maji yaliyolala ndio yanatengeneza ute, bakteria wanataka unyevu kwanza kuliko kitu kingine. Mkirudi mwageni kwa chini, pampu iwake sekunde chache tu kutoa ya kwenye mabomba, isiende kavu muda mrefu itaungua, koki zote zibaki wazi, mfuniko ufunguliwe siku moja mahali pasipo na vumbi mpaka tenki likauke kabisa, halafu mfunge. Njiani pia epukeni nusu tenki, lita 500 ni kilo 500 zinazopiga ubavu kwa ubavu kwenye kona, kama halina vizuizi vya ndani fundi aongeze.

Na mwenye mada, kama baada ya kusuuza bado kuna harufu ya klorini inayowasumbua watoto, ponda kidonge kimoja cha vitamini C cha miligramu 1000 uweke kwenye maji ya mwisho ya kusuuza. Kinamaliza kama miligramu 400 za klorini, kwa lita zako 100 hiyo ni 4 kwa lita, harufu inapotea hapo hapo. Ila usikiweke kwenye maji ya safari ulioyatia vidonge, utakuwa umeondoa ulinzi wenyewe.

Mtembezi wa Meru

Nimepata kila kitu. Jumamosi natoa ule mpira wa kijani na filta, nikimaliza nitaweka picha ya kilichotoka kwenye plagi ya chini ili wengine waone. @Nanyuki_Overland ule wavu wa mbu umetumia klempu ya saizi gani, kapaipu kangu kanaonekana kama nusu inchi?

Nanyuki_Overland

Nusu inchi ni sawa kabisa bro, chukua klempu ya stenlesi ya kukaza na bisibisi, saizi ndogo ya kufunga paipu ya petroli, ziko kwa duka yoyote ya spea. Usikaze sana ukaponda kapaipu, tenki ikikosa kupumua pampu itakuwa inavuta kwa shida na maji yanatoka kidogo kidogo.